Matofali ni Yetu, Kadi ni ya Mtoto

Bartolomeo alilima nyanya karibu na Ilula, katika mkoa wa Iringa. Shamba lake lilikuwa bondeni, kando ya kijito. Kila asubuhi yeye na mke wake, Kalista, walichuma nyanya kabla jua halijawa kali. Kalista alichuma. Bartolomeo alipanga kwenye matenga. Nyanya ngumu aliziweka chini, laini juu. Kisha mtoto wao wa kwanza, Marcelino, alibeba matenga hadi barabarani, mahali ambapo mabasi husimama.

Ilikuwa mwaka 1977. Marcelino alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Asubuhi moja hakuinua tenga. Alisimama tu, ameshika kofia yake mkononi.

"Una nini?" Bartolomeo aliuliza. "Basi la Mbeya litapita hilo."

"Baba, nataka kuoa."

Kalista aliacha kuchuma. "Haya! Kumbe ndiyo maana siku hizi shati linafuliwa mara tatu kwa wiki."

"Unataka kumwoa nani?" baba aliuliza.

"Rozalia, binti wa Mama Severina. Wale wa ng'ambo ya kijito."

Kalista alipiga kigelegele kidogo, cha mtu aliyeshika nyanya mkononi. Lakini Bartolomeo aliendelea kupanga nyanya. Alimjua Rozalia. Alikuwa binti mchapakazi, mwenye heshima, na aliimba vizuri kanisani. Ila Bartolomeo alikumbuka jambo moja. Rozalia alipokuwa darasa la tano, alikosa shule muhula mzima. Mama yake hakusema kwa nini. Majirani walijisemea yao. Wengine walisema ana kifafa. Wengine walisema maneno ambayo hayafai kurudiwa.

"Kabla ya kutuma mshenga, lazima tuchunguze," Bartolomeo alisema.

Hiyo ilikuwa mila yao. Mtu haingii katika ukoo wa watu akiwa amefumba macho. Wazee wa zamani waliuliza kisimani na kwenye vilabu vya pombe. Waliuliza habari za magonjwa, wizi na ugomvi. Lakini Bartolomeo aliona njia hiyo imepitwa na wakati. Alikuwa amejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na aliipenda sana kazi ya kusoma. Alisoma magunia ya mbolea. Alisoma karatasi za sabuni. Alisoma matangazo yote ya mahakama. Kalista alikuwa akisema, "Tangu mume wangu ajue kusoma, karatasi haipiti mbele yake salama."

"Shuleni kuna kadi ya kila mtoto," Bartolomeo alisema. "Mambo yote yameandikwa mle. Nitakwenda kusoma."

"Mwalimu atakuonyesha?" Kalista aliuliza.

"Kwa nini asinionyeshe? Shule ni yetu."

Alisema kweli. Wanakijiji waliijenga shule ile kwa mikono yao. Bartolomeo alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akalinda tanuru siku tatu bila kupumzika. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati ya shule.

Mchana akaenda. Mwalimu mkuu, Liberatus, alikuwa ofisini. Alikuwa mtu mwembamba, asiye na maneno mengi. Alifika wakati shule inafunguliwa, na kwa miaka kumi hakuondoka. Kila mtu alilijua sweta lake la kahawia.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bartolomeo alisema.

"Milele na milele, amina. Karibu, Baba Marcelino."

"Nimekuja kuona kitabu cha mavuno ya shamba la shule."

Mwalimu alikitoa mara moja, akakifungua mezani. "Soma. Hiki ni chenu."

Bartolomeo alisoma kwa kidole. Aliona magunia ya mahindi na debe za maharage. Aliona mahindi yaliyokwenda kwenye uji wa watoto, na yaliyobaki ghalani. Kila kitu kilikuwa wazi. Akafunga kitabu.

"Vizuri. Sasa nipe kadi ya Rozalia wa Mama Severina."

Mwalimu hakusimama. "Hiyo siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, na sitaki pia."

"Mwalimu, ukuta uliouegemea nimeujenga mimi."

"Ni kweli. Matofali ni yako. Mlango ni wako. Ndiyo maana nimekupa kitabu cha mavuno kabla hujamaliza kuomba. Lakini kadi si mali ya jengo. Ni ya mtoto."

"Kumbe! Basi mle ndani kuna jambo baya."

"Sijasema lipo. Sijasema halipo. Hata kama kadi ingekuwa nyeupe tupu, nisingekuonyesha."

Bartolomeo aliinuka kwa hasira. "Jumamosi kamati inakaa. Utafungua kabati hilo mbele yetu. Ukikataa, tafuta shule nyingine!"

Mwalimu Liberatus alimsindikiza hadi mlangoni. "Nenda salama, Baba Marcelino," alisema.

Bartolomeo hakurudi nyumbani. Alipitia kwa jirani yake Isakwisa. Huyu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mwenyeji wa Tukuyu, huko Mbeya. Alikuwa na mwandiko mzuri na mdomo wa utani.

"Kamwene, Mhehe! Leo uso huo umemeza pilipili?"

"Kamwene, mla ndizi. Leo sina utani. Niandikie barua. Nataka Mwalimu Liberatus ahamishwe."

Isakwisa aliacha kucheka. "Kaa. Amekosa nini?"

Bartolomeo alieleza yote. Isakwisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mahakamani kwetu, kesi zikisikilizwa, mlango unakuwaje?"

"Unakuwa wazi. Hata mimi huwa naingia kusikiliza."

"Kwa nini tunauacha wazi?"

"Ili watu waone haki inatendeka. Hakimu asifanye mambo yake kwa kujificha."

"Umejibu vizuri. Na kesi ya mtoto ikija?"

Bartolomeo alikuna kichwa. "Siku hiyo mlitutoa nje, mkafunga mlango."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika kidogo. Lakini nilisema, ni mtoto, acha asitazamwe na kila mtu."

"Sasa shuleni ni hivyo hivyo," Isakwisa alisema. "Mwalimu anafanya kazi ya watu. Basi watu wana haki ya kujua kazi yake. Watu na waulize: watoto ni wangapi? Waulize mahindi yamekwenda wapi. Waulize kamati ilikata shauri gani. Mwalimu akificha hayo, barua nitaiandika leo leo, kwa wino wangu. Lakini mtoto hakupewa kazi na mtu. Alipelekwa shule akasome. Akiugua, mwalimu anaandika. Nyumbani kwao kukiwa na shida, mwalimu anaandika, apate kumsaidia. Mambo hayo si mahindi ya kijiji."

"Basi nani anaruhusiwa kuyasoma?"

"Mwalimu anayemfundisha. Mzazi wake. Na mwenyewe, akishakuwa mtu mzima. Labda daktari au hakimu, kukiwa na sababu ya kweli, tena kwa barua. Baba mkwe mtarajiwa sijamwona katika orodha."

"Na kama mwalimu ameandika uongo juu ya mtoto?"

"Hapo mzazi anaomba isahihishwe. Ni haki yake. Lakini atasahihishaje kadi iliyokwisha kutangazwa kijiji kizima? Maji yakimwagika hayazoleki."

Bartolomeo bado hakuridhika. Isakwisa akamtazama, akauliza tena:

"Jumamosi mkifungua kadi ya Rozalia, Jumatatu Mama Severina atataka ya Marcelino. Utamzuia kwa maneno gani?"

"Sitamzuia! Mwanangu hana doa."

"Umeisoma kadi yake?"

"Sijaisoma."

"Nenda kaisome. Mpeleke na Marcelino, maana ameshakuwa mtu mzima na ruhusa ni yake. Ukirudi unaitaka barua, nitaiandika. Mimi Mnyakyusa sisahau ahadi."

Siku ya Ijumaa baba na mwana walikwenda shuleni. Njiani Marcelino alipunguza mwendo.

"Baba, turudi. Haina haja."

"Unaogopa nini? Uliiba kitu shuleni?"

"Sikuiba."

"Basi twende."

Mwalimu Liberatus aliwasikiliza. Hakuonyesha hasira kwa maneno ya siku ile. Alimgeukia Marcelino.

"Wewe ndiye mwenye kadi. Unakubali baba yako aisome?"

Marcelino alitazama dirishani. Nje watoto walikuwa wakipalilia bustani ya shule.

"Nakubali," alisema. "Lakini asome yote. Asiishie katikati."

Mwalimu alifungua kabati, akatoa kadi, akaiweka mezani. Kisha akatoka nje, akaenda kwa watoto bustanini.

Bartolomeo aliweka kidole juu ya mstari wa kwanza. Alisoma jina la mwanawe, na jina lake mwenyewe. Alitabasamu. Alisoma alama za hesabu na za kuandika. Akafika mwaka 1968, mwezi wa Machi. Mwandiko ulikuwa mdogo. Alisoma polepole, neno kwa neno.

"Mtoto amelala darasani. Nguo zake mbichi. Anasema baba alilewa ulanzi, akafunga mlango. Mama na watoto walilala kwenye banda la mbuzi, mvua ikinyesha. Ana alama za fimbo mkononi. Nimempa uji. Asipigwe kwa kuchelewa. Asiulizwe habari hii mbele ya wenzake."

Kidole cha Bartolomeo kilisimama. Miaka ile, mianzi ilipoanza kutoa ulanzi wakati wa mvua, alikuwa akinywa tangu asubuhi. Alikuwa ameacha kabisa. Alidhani jambo lile limekwisha, na kwamba nje ya nyumba yake hakuna aliyelijua.

"Soma, Baba," Marcelino alisema taratibu. "Tulikubaliana usiishie katikati."

Bartolomeo akaendelea. Mwaka 1969: "Mtoto anaomba kubaki shuleni baada ya masomo. Nimemruhusu. Anafagia ofisi, anasoma." Mwaka 1970: "Baba ameacha ulanzi. Mtoto anacheka na wenzake. Hesabu zimepanda."

Alirudi kwenye neno "anacheka". Alilisoma mara mbili.

"Ulimwambia wewe?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Baba. Ningemwambia nani mwingine?"

Mwalimu Liberatus aliporudi, alimkuta Bartolomeo ameketi vilevile. Kadi ilikuwa imefungwa.

"Mwalimu," Bartolomeo alisema, "tumekaa pamoja kwenye kamati miaka sita."

"Sita na nusu."

"Kengele ya shule ilipopotea, nilikutukana mbele ya wazazi. Nilikuita mzembe."

"Nakumbuka."

"Na juzi nimekutishia. Karatasi hii ungeitoa siku yoyote, ningefunga mdomo mpaka leo."

Mwalimu alichukua kadi, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Haikuandikwa kwa ajili yako, Baba Marcelino. Iliandikwa ili mwalimu wa darasa la nne asije akampiga mtoto ambaye hakulala."

"Naweza kuomba maneno haya yafutwe?"

"Ni ya uongo?"

"Si ya uongo."

"Basi hayafutwi. Lakini pia hayatoki humu. Na mstari wa mwaka 1970 upo, nao haufutwi."

Mwalimu akarudisha kadi, akafunga kabati. Bartolomeo alisimama, akampa mkono. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nyanya mwaka huu zimekubali kweli, nimeziona barabarani." Wakazungumza habari za nyanya mpaka Bartolomeo akaweza kuondoka na uso wake wa kawaida.

Jumamosi watu walijaa darasani kuliko siku nyingine. Walikuwa wamesikia kwamba Bartolomeo atamwondoa mwalimu. Alipopewa nafasi, alisimama.

"Nilisema mwalimu afungue kabati la kadi za watoto. Nilikosea. Naomba lisifunguliwe."

Mzee Gideoni, mwenye mdomo mkali kuliko wote, aliangua kicheko. "Ehe! Juzi ulikuwa simba, leo umekuwa kondoo. Umelishwa nini, Bartolomeo?"

Watu wakacheka. Bartolomeo naye akacheka kidogo.

"Nimelishwa kusoma, mzee wangu. Sikilizeni. Ni kweli shule ni yetu. Basi vitabu vya kazi yetu viwekwe mezani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kitabu cha mavuno, hesabu ya watoto, maazimio ya kamati. Mwenye macho asome. Asiyejua kusoma asomewe. Hakuna kuulizana, wewe unatafuta nini. Lakini kadi za watoto zikae kwenye kufuli. Ya mtoto aisome mzazi wake. Aliyekua, aisome mwenyewe. Mwingine yeyote aje na barua yenye sababu."

"Na sisi wa kamati?" mtu mmoja aliuliza.

"Sisi wa kamati pia ni 'mwingine yeyote'," Bartolomeo alijibu.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mimi nakubali. Nina watoto wanne hapa. Sitaki habari zao ziende kisimani kabla yangu." Wanawake wengine wakaitikia. Hata Mzee Gideoni aliinua mkono. Mwalimu Liberatus aliandika azimio hilo kwa mwandiko wake mdogo. Hakumtazama Bartolomeo hata mara moja, watu wasije wakajiuliza.

Jioni Kalista alimwuliza mumewe, "Sasa habari za Rozalia utazijuaje?"

"Hata sijui."

"Baba Marcelino, si ana mdomo yule binti? Aulizwe."

Mshenga akatumwa kwa Mama Severina, kwa heshima zote. Hakuficha kitu. Alisema wazee wa kijana wana swali juu ya muhula ule. Rozalia mwenyewe akajibu, "Nitamwambia Marcelino. Yeye ndiye nitakayeishi naye."

Wakazungumza kwenye jiwe kubwa kando ya kijito. Kila mtu aliweza kuwaona, na hakuna aliyeweza kuwasikia. Marcelino aliporudi, baba yake alikuwa akimsubiri kati ya matuta ya nyanya.

"Amekwambia?"

"Ameniambia."

"Ni nini?"

"Ameniambia mimi, Baba. Nami nimeridhika."

Bartolomeo aliinamia mche wa nyanya. Akang'oa jani moja lililokauka, akalitupa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe umemwambia ya kwako?"

"Nimemwambia yote. Sikutaka aingie nyumba asiyoijua."

"Akasemaje?"

"Alisema, mzee aliyeweza kuacha simwogopi."

Ndoa ilifungwa mwezi wa Agosti. Bartolomeo alicheza mpaka Isakwisa akasema Wahehe wamepata mfalme mpya. Siku ile alikunywa chai na togwa tu. Rozalia alikuja kuwa mkono wa kulia wa nyumba ile. Bartolomeo hakuwahi kujua sababu ya muhula ule mmoja, na baada ya muda aliacha hata kujiuliza. Na shuleni, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, meza ya vitabu ilipata wasomaji. Wengine walikuwa wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, waliotaka kupima kusoma kwao. Siku moja waligundua hesabu ya maharage ina kosa la debe mbili. Mwalimu alikiri kosa lake, akasahihisha mbele yao.

Mwaka 1979 Mwalimu Liberatus aliugua kifua. Alipelekwa hospitali ya Iringa mjini, hakurudi akiwa hai.

Waliomzika walikuwa wengi kuliko kijiji. Wanafunzi wake wa zamani walikuja kutoka Iringa, Mbeya, Rujewa. Mwanamke mmoja, mfanyabiashara wa mchele huko Chimala, alisafiri siku nzima. Alilia sana kaburini, na hakuna aliyemwuliza kwa nini yeye zaidi ya wengine. Vijana wawili waliochimba kaburi walikataa kupokezana na mtu.

Bartolomeo aliombwa kusema neno kwa niaba ya kamati. Alikuwa ameandika karatasi nzima. Aliifunua, akaitazama, akaikunja tena.

"Mwalimu wetu alikuwa akitusomea mavuno gunia kwa gunia," alisema. "Hakutuficha hata debe. Lakini alijua na mengine. Kila mmoja wetu hapa ana mtoto aliyepita mikononi mwake, au alipita mwenyewe. Ninyi mnajua alichokijua kwenu. Mimi najua alichokijua kwangu. Je, kuna mtu aliwahi kukisikia barabarani?"

Wanaume walitazama chini. Mzee Gideoni alivua kofia yake.

"Hatujasikia," mwanamke wa Chimala alisema.

"Hatujasikia," wengine wakaitikia, mmoja mmoja.